Bibi Salme Anaandika kwa Kijerumani

Katika picha yake inayofahamika kuliko zote, Sayyida Salme bint Said amevaa mavazi ya mabibi wa Kiomani: kanzu, suruali, kitambaa kichwani, na vito. Uso wake u wazi. Picha hiyo haikupigwa Unguja wala Maskati. Ilipigwa studio, mjini Hamburg, wakati mwenyewe ameshabatizwa, ameshaolewa na Mjerumani, na jina lake la kila siku ni Emily Ruete. Msomaji anayezijua mila za nyumba ya kifalme ya Unguja lazima ashtuke kidogo. Binti wa nyumba hiyo asingekaa mbele ya mwanamume asiye maharimu wake bila barakoa, na yeye mwenyewe ameieleza barakoa hiyo katika kitabu chake kama vazi la kawaida la mwanamke wa daraja lake. Kwa hiyo picha inaonyesha nguo za kwao kwa namna ambayo kwao isingekubalika. Aliyelengwa kuitazama ni Mzungu, na kila kitu ndani yake kimepangwa kwa ajili ya macho hayo.

Nimeanza na picha kwa sababu kitabu chake kimepangwa vivyo hivyo. Kilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, kikiitwa Memoiren einer arabischen Prinzessin, yaani kumbukumbu za binti mfalme wa Kiarabu, na mara nyingi hutajwa kuwa tawasifu ya kwanza kuchapishwa na mwanamke Mwarabu. Tumezoea kumzungumzia Salme kama mtu aliyevua utambulisho mmoja akavaa mwingine: Uislamu kwa Ukristo, Unguja kwa Hamburg. Kitabu kinaeleza jambo gumu zaidi ya hilo. Huko Ujerumani alivaa tambulisho mbili ambazo hakuzaliwa nazo. Wa kwanza ni Ujerumani wenyewe. Wa pili ni huyo "binti mfalme wa Kiarabu" wa kwenye jalada, ambaye ni mhusika aliyetungwa kwa lugha ya Wajerumani, kwa wasomaji wa Kijerumani. Nitakisoma kitabu hiki kwa kumfuata mhusika huyo, hasa pale anaposhindwa kuubeba uzito aliotwishwa.

Maisha yenyewe nayapitia kwa haraka, kwani yamesimuliwa mno. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Beit el Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, ni suria wa Kicherkesi kutoka Kaukazi. Mwezi Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akaenda Aden. Tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, alibatizwa na siku hiyohiyo akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Unguja. Mwaka 1870 mume alifariki baada ya ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Salme alifariki Jena mwaka 1924.

Wanaomlaumu humpiga kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Wanaompenda humgeuza kuwa shujaa wa mapenzi, na hadithi hiyo husimuliwa kila siku kwa wageni wanaotembezwa Mji Mkongwe. Makundi yote mawili yanasoma maisha na kukiacha kitabu. Tena yote yanachukulia kwamba asili hiyo ilikuwa moja na inajulikana. Mwandishi mwenyewe anaikana dhana hiyo tangu sura za mwanzo. Anasema pale Mtoni, mbele ya baba, ilipasa kusemwa Kiarabu tu. Akigeuka mgongo, nyumba nzima ililipuka kwa Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Watoto wa masuria wa Kicherkesi waliitwa "paka" na ndugu zao kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Mtoto aliyekulia katika nyumba hiyo alijifunza mapema kwamba utu wa mtu hubadilika kulingana na nani anayemtazama. Aliyezichapisha kurasa hizo alikuwa na zaidi ya miaka arubaini, yuko Ujerumani, na bado anazisikia zile lugha zote kwa pamoja. Ndizo kurasa ninazozipenda kuliko zote kitabuni, kwa sababu hapo jina la jaladani halitoshi kabisa. Ni Mwarabu gani huyu, aliyekulia kati ya Kicherkesi cha mamaye na Kiswahili cha yaya wake?

Tulitazame basi hilo jalada. Jina la kitabu halina Zanzibar wala Salme. Lina uzao na cheo, na vyote viwili ni vitu ambavyo msomaji wa Ulaya alikuwa na hamu navyo tangu zile hadithi za Alfu Lela Ulela zilipoanza kusomwa kwao. Dibaji nayo inafanya kazi ya pili. Anaeleza kwamba miaka tisa kabla alianza kuandika kwa ajili ya wanawe, waliokuwa hawajui lolote kuhusu asili ya mama yao, na kwamba ni wengine waliomshawishi achapishe. Naiamini dibaji hii, lakini naiona pia kama mbinu ya fani. Inatupa wasomaji wawili kwa wakati mmoja. Kuna watoto, ambao ni Wajerumani wenye damu ya Unguja na wana haki ya kuambiwa kila kitu. Kuna umma wa Wajerumani, ambao hawana haki hiyo ila ndio wanunuzi. Mahali pengi sauti ya kitabu inakwenda na kurudi baina ya hao wawili. Akieleza namna ya kufukiza nguo, mpangilio wa futari au kelele za mkesha wa Idi, unamsikia mama akisimulia. Akianza kufafanua ndoa za wake wengi, anasimama kama wakili barazani kwa hakimu.

Kiunzi cha kitabu ni nyumba. Sura ya kwanza haikupewa jina la mtu wala tukio. Imepewa jina la Beit el Mtoni. Tunaliona kasri kabla hatujamwona mtoto: ufukwe, miembe na minazi, mto unaopita na kumwagika baharini, ua mkubwa wenye tausi, paa, mbuni na korongo, mabafu yaliyojaa watu mchana kutwa, na roshani ya baba inayotazama bahari. Anakadiria wakazi wa humo kuwa wapatao elfu moja. Kisha tunahamia Beit el Watoro kwa kaka yake Majid, halafu Beit el Sahel mjini. Kila nyumba inaleta kanuni zake na sauti zake, na mtoto anakua kwa kuhama. Huko Watoro anajifunza kupanda farasi na kutumia silaha. Huko Sahel anaijua jamii ya mji. Baadaye zinakuja mashamba ya Kizimbani na Bububu, na mwisho nyumba ya mjini, ng'ambo ya kichochoro chembamba, mkabala na nyumba ya Mjerumani. Aliyeanza maisha katika kasri la watu elfu moja sasa yuko darini, na upana uliobaki katika dunia yake ni ule wa kichochoro.

Baada ya hapo hakuna nyumba tena. Hili nataka msomaji alitazame kwa makini. Salme aliishi Hamburg, Dresden, Rudolstadt, Berlin na Köln, lakini hakuna hata nyumba moja ya Ujerumani iliyopewa sura katika kitabu hicho. Hatujui sebule yake ilikuwaje, wala dirisha lilitazama nini. Mwandishi aliyeweza kukumbuka mpangilio wa ua wa utotoni mwake kiasi cha kuuchora hakutaka, au hakuweza, kuchora chumba alimokuwa ameketi akiandika. Kwa mtu anayesemekana kuwa aligeuka Mjerumani, kimya hiki kina uzito kuliko ungamo lolote.

Kuna jambo jingine la fani linalohitaji kulinganishwa na kazi ya mwenzake. Mzanzibari mwingine mashuhuri wa zama hizo, Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alituachia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Tippu Tip anaanza akiwa na miaka kumi na miwili, alipoanza kusafiri kibiashara. Kabla ya hapo kana kwamba hapakuwa na mtu. Mama hana uso, nyumba haina harufu, na hofu haisemwi. Kinachosimuliwa ni safari, deni, vita, pembe na majina ya watu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya msafiri kueleza habari zake barazani. Salme anafanya kinyume chake: zaidi ya nusu ya kitabu ni utoto na ujana, na kiini chake ni hisia za mtoto. Utoto kama chanzo cha nafsi, mtoto mpweke anayeangalia na kukumbuka, hiyo ni fani ya tawasifu ya tabaka la kati la Ulaya ya karne ya 19. Hapo ndipo alipokuwa Mjerumani hasa. Ubatizo wa Aden ulikuwa wa saa moja. Kujifunza kuyasema maisha yake kwa kiunzi hiki kulimchukua miaka, na kulimbadilisha zaidi.

Sasa tuje kwenye nafsi ya usimulizi. Katika sura za mila, zile za nafasi ya mwanamke, posa, ziara za mabibi, Ramadhani na sikukuu, msimulizi anasema "sisi". Akifika kwenye mabishano, hao "sisi" wanahama. Katika sura ya nafasi ya mwanamke anawakemea Wazungu wanaopita siku chache katika bandari za Mashariki, kisha wakaandika vitabu vinene kuhusu wanawake ambao hawakuwahi kuwaona. "Sisi" wa hapo ni wanawake wa Mashariki, na sauti yake ina nguvu na hasira ya haki. Anauliza kwa nini ndoa ya Ulaya isipimwe kwa mizani ileile inayotumika kupimia ya Unguja. Sura chache mbele, anazungumzia tiba, na ghafla "sisi" ni watu wa Ulaya wanaoshangaa uzembe wa kule. Mhakiki mwenye haraka ataita huo mkanganyiko. Mimi nauona kuwa ndio ukweli wa kitabu. Mtu anayekaa katika jamii mbili husema "sisi" mbili, na mara nyingi hajui amebadili lini.

Kuna kauli yake moja mashuhuri, anapojipima yeye aliyetoka Unguja na yeye aliyebaki Ujerumani. Siinukuu, lakini umbo lake linafaa kutazamwa. Imejengwa kama hesabu ya mfanyabiashara: upande mmoja vitu viwili kamili, utaifa na dini, upande wa pili vitu vilevile viwili, kila kimoja kikiwa pungufu. Hakuna kilichofutwa, hakuna kilichotimia. Huwezi kuigeuza kuwa kauli ya majuto wala ya fahari, na wengi wamejaribu yote mawili.

Hapa nafungua mabano. Katika miaka ileile wanaume wa Ulaya walikuwa wakivaa utambulisho wa watu wengine na kusifiwa. Richard Burton aliingia Makka mwaka 1853 akijifanya hujaji Mwislamu. Eduard Schnitzer, daktari wa Kijerumani aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, alijiita Mehmed Emin, akawa Emin Pasha, na akauawa Kongo mwaka 1892. Burton alivua ihramu, akarudi kwa Waingereza wenzake na kuandika kitabu cha safari. Salme hakuwa na njia ya kurudi. Mwaka 1885 alifika Unguja akiwa chini ya bendera ya Ujerumani, wakati Bismarck anamwekea nduguye, Sultani Seyyid Barghash, mbinyo kwa ajili ya ardhi za bara. Watu wa mji walimfuata njiani na kumwamkia. Barghash alikataa kumwona. Alijaribu tena mwaka 1888, bila mafanikio. Kuvaa utamaduni wa mwingine ukiwa na nauli ya kurudi mfukoni na kuuvaa huku mlango umefungwa nyuma yako ni mambo mawili tofauti, na sioni haki kuyapima kwa kipimo kimoja.

Sura ya kuondoka, ile ambayo kila msomaji huisubiri, ni fupi ajabu. Mapenzi yamepewa aya chache: madari yanayoelekeana, ujirani, urafiki uliokua, hatari, meli. Mwandishi aliyetumia kurasa nzima kueleza chakula cha Idi anapita hapa kama mtu anayekimbia. Wanahistoria wamethibitisha kwamba alipotoroka alikuwa na mimba. Mtoto wa kiume, Heinrich, alizaliwa Aden mwezi Desemba 1866 na kufariki mwaka uliofuata. Kitabuni mtoto huyu hayumo. Kuna wanaomlaumu kwa kuficha. Lakini tukumbuke wasomaji wawili wa dibaji. Kwa umma wa Berlin mimba ile ingekuwa umbeya. Kwa wanawe ingekuwa aibu iliyochapishwa. Na kwa Unguja ingekuwa kumkabidhi Barghash hukumu mkononi. Ufupi wa sura hiyo ni sitara. Utamaduni aliokulia unajua thamani ya sitara, na hapo, katikati ya kitabu cha Kijerumani, binti wa Jilfidan anaushikilia mwenendo wa kwao bila kuutangaza.

Nisingependa lakini huruma hii itufumbe macho. Sura ya utumwa ndiyo mbaya kuliko zote, na inapasa kusomwa kwa makini kuliko zote. Anatetea utumwa wa Unguja kwa kuutofautisha na ule wa Marekani, anawashutumu Waingereza kwa kuukomesha kwa pupa, anadai watu weusi hawafanyi kazi bila kusukumwa, na anawaeleza walioachwa huru kama wazururaji. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, miaka kumi na mitatu tu kabla ya kitabu kutoka. Katika sura hii "sisi" zake mbili, zilizogombana kurasa zote, zinapatana. Bibi mwenye watumwa wa Unguja na bibi wa Kijerumani wa enzi ya makoloni wanasema kwa kinywa kimoja, na mtumwa hasemi chochote.

Turudi nyuma basi kwenye ukurasa mmoja wa ujana wake. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Alipofika mbali kidogo, alimwita mmoja wa watumwa wenye elimu amfunze mwandiko mzuri. Ni tukio dogo, linapita kwa haraka. Matokeo yake hayakuwa madogo: akiwa na miaka kumi na mitano alikuwa mwandishi wa barua za njama ya Barghash dhidi ya Majid, ile iliyovunjwa mwaka 1859 na kumpeleka Barghash uhamishoni Bombay. Kalamu ndiyo iliyomtenga na kaka aliyempenda, na kalamu hiyohiyo ndiyo iliyomwezesha baadaye kuandika kitabu. Aliyeufunza mkono wake kuandika vizuri alikuwa mtumwa. Katika sura ya utumwa mtu huyo hakumbukwi. Mwandishi aliyekuwa na ushahidi nyumbani kwake, mkononi mwake, dhidi ya kila anachokidai juu ya watu hao, hakuuita. Hili ni kosa la kimaadili, na ni kosa la kifani pia, kwa kuwa kitabu kinajisahau. Riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, ya mwaka 1978, iliingia nyumba ya namna hiyo kwa mlango wa watumishi na kuona yale ambayo kwenye roshani hayaonekani. Vitabu hivi viwili vinafaa kuwekwa meza moja.

Kazi yake nyingine haikuchapishwa akiwa hai. Ni barua za kwenda nyumbani, zilizotoka mwaka 1993 katika juzuu lililohaririwa na E. van Donzel, Leiden. Amemwandikia rafiki wa kike wa Unguja, akimweleza miaka yake ya kwanza Ujerumani: baridi, upweke, macho ya watu, kifo cha mume, fedha kwisha, na dini mpya isiyokaa moyoni. Ameziandika kwa Kijerumani, lugha ambayo rafiki wa Unguja asingeweza kuisoma. Barua ya namna hiyo haina posta. Lakini kwa kumgeukia msikilizaji wa kwao, msimulizi anaachana kabisa na binti mfalme wa jaladani. Mgeni sasa ni Ujerumani, yenye mila zinazohitaji kufafanuliwa, na anayefafanua ni mjane anayehesabu senti. Hapo ndipo zinapotokea zile nyumba zilizokosekana katika kitabu cha kwanza: vyumba, majiko, ngazi, na wenye nyumba wanaodai kodi.

Kwa hukumu yangu barua hizo ndizo kazi yake kubwa, na Kumbukumbu ndizo zilizomfundisha namna ya kuziandika. Anayefundisha fasihi ya Zanzibar asimpe mwanafunzi kisa cha mapenzi peke yake. Ampe sura ya Mtoni, ukurasa wa mfupa wa ngamia, sura ya utumwa bila kuipunguza, kisha barua. Na barua hizo zifikishwe Unguja kwa Kiswahili, kwani aliyeandikiwa alikuwa mtu wa huko.